Nimebana hadi uji wa watoto, mbona mkopo bado unanimaliza?

BARUA

Shikamoo Mama,

Mimi ni mama wa watoto watatu. Tunaishi Mbagala, vyumba viwili vya kupanga: mimi, mume wangu, watoto, na mdogo wangu wa kike anayenisaidia nyumbani. Nafanya kazi ya ukeshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, mkononi napata 420,000 kwa mwezi. Mume wangu ni fundi aluminiamu. Yeye hana mshahara. Akipata tenda hela inaonekana, asipopata tunatazamana. Tangu tuoane tulikubaliana yeye aache 10,000 kila asubuhi kwa matumizi ya jikoni, mimi nibebe kodi ya nyumba na mambo ya shule. Kodi ni 90,000 kwa mwezi, ila baba mwenye nyumba anaitaka ya miezi sita kwa mpigo, Januari na Julai. Yaani 540,000.

Mama, mimi si mtu wa anasa. Nywele nasuka twende kilioni kwa jirani. Nguo ni mtumba wa Karume. Kila ushauri wa kubana matumizi ninaokutana nao kwenye simu naufuata. Maziwa nimefuta, matunda nimefuta, nyama ni sikukuu. Uji wa asubuhi nao nimeufuta tangu Julai, watoto wanaondoka na chai ya rangi na kiporo kikiwepo. Wiki iliyopita mwalimu wa mwanangu wa mwisho, yuko darasa la kwanza, aliniita akasema mtoto anasinzia kabla hata ya mapumziko. Nilirudi nyumbani nikalia.

Na bado hela haionekani. Nimejaribu kuandika. Jikoni kila siku mkaa makopo mawili, 3,000. Mafuta ya kupima 1,000. Sukari robo, 800. Zinazobaki ni unga au mchele na mboga. Siku ambayo mume wangu hana kitu naandikisha kwenye daftari la Mangi wa dukani. Mimi mwenyewe natumia bodaboda kwenda stendi 1,000 asubuhi na 1,000 jioni, nauli ya daladala, na chakula cha mchana kwa mama ntilie 2,500. Mwezi uliopita nilitoa kadi ya harusi ya mwenzangu kazini 50,000, kitchen party ya jirani 30,000, na sare ya hiyo kitchen party, kitambaa na kushona, 35,000. Rambirambi 10,000. Hizi siwezi kukwepa, wewe mwenyewe unawajua watu.

Sasa lile linalonikosesha usingizi. Julai kodi ilifika sina kitu, nikachukua mkopo wa 300,000 kwa wale wanaoitwa kausha damu. Rejesho ni 32,000 kila wiki kwa wiki 12. Nimelipa saba. Mawili nimechelewa, kila moja lina faini ya 5,000, na yamebaki matatu mengine mbele. Niliandikisha friji na televisheni kuwa dhamana. Mume wangu hajui. Januari pia nilikopa hivyo hivyo na nilimaliza bila yeye kujua, nikadhani safari hii itakuwa vile vile.

Kuna programu ya kwenye simu inatoa mkopo dakika tano bila dhamana. Nafikiria nichukue huko nimalize huku. Pia tuna mchezo wa kupeana kazini, watu sita, 60,000 kila mwezi. Tumecheza miaka minne hakuna aliyekimbia. Mimi ni namba tatu, kwa hiyo napokea Machi na Septemba, na hii ya Septemba, 360,000, inatoka Jumamosi hii. Nilikuwa nimeshaongea na fundi anibadilishie makochi, yamechakaa mpaka aibu.

Mtoto wa kwanza kamaliza mtihani wa darasa la saba mwezi huu, Januari ni kidato cha kwanza. Na Desemba wifi yangu anaolewa, kamati imenipangia 200,000.

Nibane wapi tena, Mama?

Keshia, Mbagala

JIBU

Marahaba mwanangu.

Usibane popote tena pale jikoni. Kwanza rudisha uji, kesho asubuhi, kabla hujafanya lingine lolote nitakalokwambia. Mtoto wa darasa la kwanza anayesinzia saa nne asubuhi ana njaa, na wewe umeshalijua hilo, ndiyo maana ulilia. Hela ya uji nitakuonyesha ilipo, tena haiko mbali na ulipoketi.

Nimesoma orodha yako zaidi ya mara moja. Kila ulichokikata ni cha watoto au cha sahani, na kila ulichosema huwezi kukikwepa ni cha macho ya watu. Mwezi ulioshindwa marejesho mawili, jumla 64,000, ndio huo huo uliotoa 115,000 kwenye harusi na kitchen party. Sikusemi kwa ubaya. Karibu kila mama mwenye kazi mjini hapa yuko hivyo, na hata hao walioandaa kitchen party hiyo huenda walikopa. Lakini ukiziweka namba hizo mbili ubavu kwa ubavu, swali la "nibane wapi" limeshapata jibu lake.

Nianze na mkopo kwa sababu ndio unaovuja usiku na mchana.

Ulichukua 300,000, utarudisha 384,000. Hiyo ni 84,000 juu, kwa chini ya miezi mitatu, bila faini. Ukikopa Januari na Julai kila mwaka, unawapa 168,000, kodi ya karibu miezi miwili, na hapo hujanunua kitu chochote zaidi ya muda. Mkopo wa kulipia mkopo mwingine hautakusaidia, na ule wa programu ya simu usiuguse kabisa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Tabia zao zinajulikana: ukiipakua unairuhusu isome namba zote za kwenye simu yako, ukichelewa siku moja wanaanza kumtumia ujumbe bosi wako, mchungaji wako, mama mkwe wako. Wewe unaficha deni lisimfikie mume. Programu hiyo itamfikishia yeye na ukoo mzima.

Kwa hiyo makochi yasubiri. Jumamosi hii ukipokea 360,000, Jumatatu nenda ukafunge huo mkopo. Marejesho matano ni 160,000, faini 10,000, jumla 170,000. Waulize kama watapunguza chochote kwa kuwa unamaliza mapema. Huenda wakakataa, lakini kuuliza ni bure. Usitoke pale bila maandishi kwamba deni limekwisha, yenye tarehe na sahihi, na ile karatasi uliyoandikisha friji na televisheni urudishiwe. Wakigoma kukupa, nenda serikali ya mtaa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka kila mkopeshaji awe na leseni, na wengi wa hawa hawapendi kabisa mtu akitaja neno leseni mbele ya mtendaji.

Zitabaki 190,000. Hizo ni kodi ya Januari, zimeshaanza.

Sasa lile rejesho la 32,000 kila wiki ulishalizoea mwilini. Usiliache liyeyuke eti kwa sababu deni limekwisha. Endelea kulitoa, siku ile ile ya wiki, ila safari hii jilipe mwenyewe. Oktoba, Novemba na Desemba zina wiki 13. Mara 32,000 ni 416,000. Jumlisha na zile 190,000 unapata 606,000. Mpe baba mwenye nyumba 540,000 zake, unabaki na 66,000 za kuanzia sare na madaftari ya kidato cha kwanza. Ada ya sekondari ya serikali haipo tangu 2016, lakini sare, begi, viatu na michango midogomidogo vipo na vyote vinakuja wiki moja. Hiyo itakuwa Januari yako ya kwanza bila kausha damu, na hujapunguza kijiko cha sukari.

Hela hiyo usiiweke kwenye kibubu. Kibubu ni kizuri kwa chenji. Laki nne ndani ya chumba cha kupanga ni kumtafutia mtu kishawishi, na mtu huyo wakati mwingine ni wewe mwenyewe saa mbili usiku. Wala usiiache kwenye simu unakonunulia bando. Fungua akaunti ya akiba ambayo kadi yake hutembei nayo.

Halafu uje kwenye mchezo, ambao ndio mali kubwa uliyonayo na hujui. Watu sita, miaka minne, hakuna aliyekimbia: kundi la namna hiyo halipatikani kirahisi. Shida ni namba yako. Namba tatu inakupa hela Machi na Septemba, miezi ambayo hudaiwi kitu kikubwa, ndiyo maana inaishia kwenye makochi. Mzunguko mpya ukianza Januari, omba namba sita. Hakuna atakayekunyang'anya, kwa sababu kila mtu anataka namba moja. Namba sita inatoka mwisho wa Juni na mwisho wa Desemba, siku chache kabla kodi haijadaiwa. Unakuwa na 360,000 mkononi, unatafuta 180,000 tu kwa miezi sita, yaani 30,000 kwa mwezi. Mshahara wako unaiweza hiyo.

Nikuonye hapo: anayepokea mwisho ndiye anayeumia kundi likivunjika. Akiingia mtu mpya msiyemjua vizuri, au mmoja akiacha kazi katikati ya mzunguko, rudi namba za juu au jitoe. Na muandikiane. Hata karatasi ya daftari yenye majina sita na sahihi sita inatosha kuzuia maneno mengi.

Lakini nadhani kuna jambo lililo chini ya hayo yote, na hili ni la wewe na mumeo. Ninyi mmegawana majukumu kinyume. Mwenye mshahara wa uhakika kila mwezi amepewa deni linalokuja mara mbili kwa mwaka. Fundi ambaye hela yake inakuja kwa mafungu, leo laki tatu, kisha wiki mbili kavu, amepewa jukumu la kutoa 10,000 kila kunapokucha. Yeye siku kavu anahangaika, nawe unakwenda kuandikisha kwa Mangi. Wewe ikifika Julai unahangaika, unakwenda kwa kausha damu. Wote wawili mnafanya kazi, wote wawili hamlali.

Geuzeni. Jikoni pawe pa mshahara wako. Yeye kila tenda ikilipwa atoe fungu kabla hajalipa chochote kingine: kodi, gesi, mchele wa mwezi, ada ya mchezo. Fundi akipewa malipo ya madirisha ya nyumba nzima anaweza kutoa 150,000 siku hiyo bila kuumia. Umuombe 10,000 siku ya kumi na mbili bila kazi, unamvua utu wake bure. Haitakuwa rahisi kuanza, kwa sababu wanaume wengi wanahesabu ile hela ya kuacha mezani asubuhi kama ndiyo heshima ya ndoa yenyewe. Basi aendelee kuacha kidogo, ya mboga, hata 3,000. Ila uzito mhamishe.

Na hapo ndipo utalazimika kumwambia kuhusu mkopo. Najua ulitumaini nitakuruhusu umalize kimyakimya. Ukiweza kuulipa Jumatatu, mwambie Jumapili, sio baadaye. Atakasirika. Lakini mtu anayesikia "nilikosea, hela ya kulimaliza hii hapa mezani" anakasirika tofauti na yule anayemkuta kijana wa marejesho anabeba televisheni. Chagua muda ambao hajachoka na watoto hawapo. Mpe lile daftari ulilonitumia mimi, asome mwenyewe. Usianze na yeye kutokuacha hela. Hilo litajisema lenyewe kwenye ukurasa wa Mangi.

Sasa twende jikoni, nilikuahidi hela ya uji.

Mkaa wa makopo mawili kwa siku ni 90,000 kwa mwezi. Katika kila 10,000 ya jikoni, 3,000 inaungua kabla hamjala. Nyumba nyingi za Mbagala zina mtungi wa gesi wa kilo 6 uliofunikwa kitambaa cha kufuma pembeni ya televisheni, na mkaa unawaka nje. Kama wako uko hivyo, uvue kitambaa. Tuseme kujaza ni 24,000, hata ukijaza mara mbili kwa mwezi ni 48,000. Unaokoa 42,000, sawasawa na 1,400 kila siku. Hiyo inapika uji wa unga wa mahindi wenye karanga za kusaga na sukari kwa watu sita. Wanaosema gesi inaisha haraka wengi wao wanachemshia maharage. Maharage yaloweke tangu usiku, asubuhi mwaga maji yale, yachemshe kwa nguvu dakika kumi na tano, kisha sufuria izungushie blanketi kuukuu ndani ya kapu na uifunike vizuri. Ukirudi yameiva au yamebakiza kidogo. Na pika ya siku mbili, si una friji.

Kama mna mtungi mmoja tu na unaogopa kuishiwa katikati ya ubwabwa, weka mkaa wa akiba, sikukatazi.

Kununua kwa jumla utaambiwa na kila mtu ni muujiza. Kunasaidia, ila si kama wanavyosema. Mafuta ya kupima ya 1,000 kila siku ni 30,000 kwa mwezi. Dumu la lita tano linakuokolea elfu chache hapo, kisha dumu likiwa limejaa mkono unalegea na chapati zinaogelea. Ukinunua dumu, mimina ya wiki kwenye chupa ndogo, lingine lifungie chini ya kitanda. Sukari vilevile: robo ya 800 ina maana kilo umeinunua 3,200. Nafaka ndiyo yenye faida ya kweli. Mchele na mahindi vinashuka bei baada ya mavuno, kuanzia Juni hadi Agosti mzigo wa Mbeya na Songea unapoingia, na vinapanda kuanzia Desemba. Tafuta majirani wawili unaowaamini, mwende Tandale, mnunue gunia moja, mkodi bajaji moja, mgawane. Ukitaka kuweka mahindi ya miezi mitatu, tumia ile mifuko ya PICS ya tabaka tatu. Dumuzi anakosa hewa humo, huna haja ya dawa. Ila kwa vyumba viwili na watu sita, usije ukalala juu ya magunia kwa sababu ya kubana matumizi.

Umeme haukuutaja, nitapita haraka. Bei nafuu ya LUKU, shilingi 100 kwa yuniti, ni ya mteja asiyezidi yuniti 75 kwa mwezi. Zinazozidi hapo ni 350. Wapangaji wanne mkichangia mita moja mnazivuka zile 75 katikati ya mwezi, kila mmoja akidhani anabana. Kama baba mwenye nyumba atakubali kila mpangaji awe na mita yake, hata kwa nyie kuchangia gharama, fikirieni. Ile kodi ya jengo ya 1,500 inayokatwa kila mwezi kwenye LUKU ni ya mwenye nyumba, si yenu, na mna haki ya kuidai. Mkigawana wanne ni chini ya 400 kwa mwezi. Mimi nisingegombana na mwenye nyumba kwa ajili yake.

Bodaboda ya asubuhi, tembea. Ya jioni, panda. Kutoka stendi gizani na mshahara kwenye pochi, usalama wako haumo kwenye bajeti. Hapo umepata 26,000. Chakula cha mchana, beba kontena siku tatu kwa wiki. Wenzako watasema umefulia kwa siku mbili hivi, halafu mmoja ataanza kubeba naye.

Tubaki na michango, mahali ambapo sikubaliani na washauri wa mitandaoni wanaosema "jifunze kukataa". Wanaosema hivyo hawajawahi kufiwa mjini. Siku ukipata msiba, hao unaowachangia ndio watakaopika, watakaokaa na wewe mkekani, watakaolipia gari la kwenda kijijini. Huo ni mfuko wa bima na ada yake lazima ilipwe. Kwa hiyo msiba usiuguse: toa, nenda, kaa. Sherehe ni habari nyingine. Jiwekee 40,000 kwa mwezi kwa sherehe zote. Wa kwanza kukuhusu ndiye wa kwanza kupata, zikiisha zimeisha hadi mwezi ujao. Mfanyakazi mwenzako unaweza kumchangia 20,000 bila kuchukua kadi; hakuna sheria inayosema lazima ukale pale ukumbini. Na sare, mwanangu, sare acha. Elfu 35 kwa gauni utakalolivaa mara moja, huku mtoto ananywa chai kavu! Vaa kitenge ulicho nacho chenye rangi inayokaribia. Nimeziona picha za kitchen party nyingi, hakuna anayemtazama aliyesimama mstari wa tatu.

Ukifika Julai bila mkopo, na nina hakika utafika, usikimbilie makochi siku hiyo hiyo. Anza kidogo kidogo mfuko wa dharura, ili mtoto akiugua usirudi kule. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, unaanzia 100,000, baada ya hapo unaongeza kuanzia 10,000, na hela unaipata ndani ya siku chache za kazi ukiihitaji. Kuchelewa huko kwa siku chache ndiko ninakokupendea: kunaua tamaa ya saa mbili usiku. Makochi utayanunua tu, ila mwambie fundi abadilishe sponji na kitambaa, fremu za mbao za zamani huwa imara kuliko za sasa.

Limebaki la wifi. Hilo gumu, kwa sababu ni damu ya mumeo, na 200,000 ungeitoa kwenye kodi ya Januari. Usilijibu peke yako. Baada ya mazungumzo ya Jumapili, mume ndiye aseme mtatoa nini, na aseme kwa jina lenu wote wawili, kwenye kundi la kamati, yeye mwenyewe. Zisizidi 50,000. Kilichobaki lipeni kwa mikono, maana fundi aluminiamu na mwanamke anayejua hesabu ni watu wa thamani kwenye kamati yoyote. Akikwama maneno, mpe haya ayanakili:

"Ndugu wanakamati, salaam. Mimi na mama watoto tumejipima, mchango wetu ni 50,000, tutautuma tarehe mosi Novemba. Pia mama watoto atashika daftari la mapato na matumizi ya kamati hadi siku ya harusi, na mimi nitafunga jukwaa na turubai bila malipo. Tumefurahi sana kwa ajili ya dada yetu."

Akishatuma, mwambie alinyamazishe kundi hadi kesho yake.